Fuko na Mashine Iliyokataa Kutema

Mvua za Deyr za mwaka 2023 ziliikuta Rhamu haijapona. Misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020, mbingu zilikuwa zimefunga, na mifupa ya ng'ombe ilikuwa ingali ikionekana kando ya barabara ya kwenda Elwak. Halafu maji yakaja kwa mkupuo. Daua, mto unaoteremka kutoka nyanda za juu za Ethiopia, ukawa mpaka wa nchi mbili, kisha ukaenda kukutana na Genale ili wazae Juba, ulivunja kingo zake. Uliingia mashamba ya vitunguu, ukang'oa migomba, ukapita vyumbani, na ulipoondoka ulikuwa umeacha tope juu ya kila kitu kilichokuwa chini ya kimo cha kitanda.

Watu wa mji walikuwa na msiba wao. Wanyama wa ukingoni walikuwa na wao, na huo ndio ninaousimulia.

Walikuwa na nyumba ya wazazi, kibanda cha udongo chini ya mgunga, ambamo kila mama mjamzito, awe digidigi, awe ngiri, awe swala twiga, alikuwa na haki ya kulala na kujifungua bila kuguswa na jino la yeyote. Agano hilo lilikuwa la kale, na Fisi mwenyewe alilitii. Lakini shuka za kibanda zilikuwa zimelowa tope, na zilifuliwa mtoni, na mtoni alikuwako Mamba, ambaye hakuwahi kuingia agano lolote. Mafuriko yalikuwa yamempa maji mengi ya kujifichia. Akina mama wawili waliteremka na mabunda ya shuka; akapanda mmoja.

Usiku uleule, chini ya mwarobaini wa mikutano, iliamuliwa inunuliwe mashine ya kufulia.

Mchango ulikuwa wa kweli, na hilo lisisahauliwe kwa sababu ya yaliyofuata. Ngamia alitoa noti. Ngiri alitoa magunia ya vitunguu aliyoyaokoa, yakauzwa. Digidigi, mjane wa ukame, alileta sarafu moja: ile ya shilingi 40 iliyotolewa mwaka 2003, Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, yenye sura ya Rais wa wakati huo, Mwai Kibaki. Ni sarafu adimu madukani siku hizi. Ya Digidigi ilikuwa na tundu dogo ukingoni, kwa kuwa aliwahi kuitia uzi na kumvisha mwanawe shingoni, katika mwaka ambao mwana huyo hakuumaliza. Kongoti, mweka hazina, aliipokea kwa mdomo wake mrefu, akaitia katika mfuko wa joho lake, akaandika daftarini. Aliyewahi kupita Garissa amewaona ndugu zake juu ya migunga ya mjini na kandokando ya majaa: koti jeusi, kifua cheupe, na ukimya wa mwenye cheo.

Mwenyekiti Nyani alisoma orodha ya matumizi mbele ya wote. Mashine yenyewe. Nauli ya lori kutoka Nairobi kupitia Garissa, Wajir na Elwak, karibu kilomita 1,000. Tangi, jukwaa la kuliinua tangi, na bomba la kuingizia maji. Paneli za jua. Hema la uzinduzi, na mbuzi wa wageni. Mwisho kabisa, kwa sauti iliyokuwa imeanza kuchoka, alisoma: "Shimo la maji machafu na mfereji wake, litagharamiwa na sarafu za wadogo, kuanzia ya Digidigi." Wadogo walifurahi kusikia kwamba fedha yao imepewa kazi yake.

"Shimo limeshachimbwa, adeer?" aliuliza Punda. Yeye ndiye aliyekuwa ateke maji Daua kwa mitungi ya lita 20 na kulijaza tangi.

"Litachimbwa, eedo," alijibu Nyani. "Kwanza tuhakikishe maji yanaingia."

Niseme jambo hapa kabla hadithi haijaenda mbali. Jibu la Nyani linasikika kila siku katika nchi kavu, na wanaolitoa si wezi wote. Sisi tunaoishi kati ya Tana na Daua tumefundishwa na kiu kuhesabu yanayoingia. Tunajua laga gani huteremsha maji mvua ikinyesha mbali, silanga gani itafika kiangazi cha Jilaal na gani haitafika, kisima gani kina chumvi, bauza la maji linapita siku gani. Mradi ukizinduliwa, hupimwa kwa lita zilizoletwa. Mahali pa kuyapeleka yakishatumika hapana anayepauliza, kwa kuwa maji kutoka huonekana ni hasara. Kisha mvua ya El Niño inakuja, mitaro imezibwa kwa mchanga na mifuko, na maji tuliyoyalilia miaka mitatu yanatuingilia kwa mlango wa mbele. Mwaka 1997 yalikuja hivyo. Mwaka 2023 yalikuja hivyo tena.

Mashine ilifika. Siku ya uzinduzi Ngamia aliisukuma kwa ubavu mpaka ikagusa ukuta, ili wageni wapate nafasi ya kupigwa picha. Mpira wa kutolea maji ulioko nyuma ukapinda, na hakuna aliyeuona, kwa kuwa picha hupigwa kwa mbele. Kitabu cha maelezo kilifungiwa katika sanduku la Nyani kikiwa bado katika nailoni yake. Kilikuwa mali ya kamati.

Ilifua, tena vizuri. Akina mama waliacha kwenda mtoni, na Mamba akakonda. Punda peke yake ndiye aliyekuwa na swali: kila jioni aliliacha tangi limejaa, na kila alfajiri alilikuta limepungua, ilhali wazazi hawafui usiku. Aliuliza mara moja. Akaambiwa jua kali hukausha maji.

Siku iliyotokea mkasa, Swala Twiga alikuwa amejifungua kabla ya alfajiri. Shuka zake ziliingizwa, mlango ukafungwa, maji yakaingia, pipa likazunguka kushoto na kulia. Ulipofika wakati wa kuyatoa maji, mashine iliguna, ikanyamaza. Ikaguna tena, ikanyamaza. Usoni zikawaka herufi mbili, O na E. Nyuma ya kioo maji meusi yalisimama, na shuka ndani yake, na mlango ukakataa kufunguka. Huwa unakataa kwa makusudi: mashine ya mlango wa mbele ikihisi maji tumboni, hubana kufuli ili yasimwagike sakafuni. Lakini wale wasiolijua hilo waliona ukaidi.

Baraza likaitishwa.

Nyani alisema ni hila za nyani wa ng'ambo ya mto, walioona wivu. Hakueleza walipitaje. Mbweha alisema sabuni ndiyo imekwisha nguvu, akaongeza vikombe viwili kupitia droo ya juu. Yeye ndiye muuzaji wa sabuni. Aliuza poda ile ya kufulia kwa mkono, ambayo hutoa povu jingi, na povu likijaa ndani ya pampu huizuia kushika maji. Kwa hiyo Mbweha aligusa chanzo kimojawapo cha ugonjwa, akakizidisha. Kenge, mpanda kuta, alisema mpira wa kutolea maji unahitaji kupumua; akakwea nao, akaufunga kwenye paa. Fisi aliigonga mashine ubavuni, akaiwasha, akaizima, akaiwasha, na kila alipoiwasha ile pampu iliyokabwa iligugumia kwa uchungu. Pampu ikiendelea kulazimishwa hivyo huungua, na hapo ndipo ugonjwa wa shilingi kumi unapogeuka wa maelfu.

Mamba naye alikuja, akalaza kidevu ukingoni, akasikiliza. Hakuchangia hoja yoyote. Ila kila hoja ya kuahirisha ilipotolewa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiunga mkono.

Siku ya tatu maji yalianza kunuka. Akina mama wakachukua mabunda, wakarudi mtoni, wakifua mmoja mmoja huku mwenzake akilinda. Siku hiyohiyo Kongoti alisimama, akakunjua mbawa zake kubwa, akasema kwa huzuni kwamba mashine imekufa. Alipendekeza mpya. Alikuwa tayari amezungumza na binamu wa Fisi, mwenye lori, na lori lilikuwa tayari limetoka Garissa. Kila mnyama angetoa tena kiasi kilekile. Kura zikapigwa, na walioshinda walikuwa ni wale wasiofua.

Punda hakusubiri hesabu. Alitoka nje ya kichaka, akatembea mpaka penye vichuguu vidogo vinavyofuka vumbi asubuhi, akainamisha kichwa, akazungumza na shimo.

"Abti Fuko. Kuna kitu kimejaa na hakitoki."

Ilichukua muda. Fuko wa nchi hii, yule asiye na manyoya, haji juu kwa hamu. Macho yake hayamfai, ngozi yake imekunjamana, meno yake yako mbele ya midomo ili midomo ifumbe nyuma yake na udongo usimwingie kooni anapotafuna ardhi. Anaweza kuishi miaka 30 na zaidi, jambo la ajabu kwa mnyama wa ukubwa wake, na muda wote huo huutumia gizani pamoja na jamaa zake na malkia wao mmoja.

"Kimejaa nini?" sauti ikauliza.

Punda alimweleza kila kitu, tangu mchango hadi kura.

"Shimo la kutolea mlilichimba kwanza au mwisho?"

"Halikuchimbwa."

Fuko alinyamaza kidogo. "Eedo, sisi tukihamia mahali, tunatenga chumba cha choo. Kikijaa tunakiziba kwa udongo, tunachimba kingine. Wanaotupita juu wanafikiri kazi yetu ni kuchimba. Kuchimba kunafanywa na mmoja aliye mbele, kwa meno. Nyuma yake wamepangana wengine, kila mmoja akiusukuma udongo kwa miguu, akirudi kinyumenyume. Wa mwisho ndiye anayeupiga teke utoke juu ya ardhi. Nyoka akija humkamata yeye, maana mgongo wake ndio ulio karibu na mlango. Huyo akiacha kazi siku moja, wa mbele hana pa kuweka alichotafuna. Atazikwa na bidii yake mwenyewe."

"Basi njoo."

"Sipiti juani. Niambie kibanda kiko wapi, nitapitia chini."

Usiku ule udongo ulicheza chini ya mashine, na Fuko akatokea sakafuni, pua yake ikiwa sawasawa na sehemu ya chini kabisa ya mashine. Wakubwa wote walikuwa wameisoma kuanzia juu, penye taa na herufi. Yeye alianza alipofika.

Lakini hakugusa chochote kwanza. Aliuliza. "Umeme umekatwa?" Punda akauchomoa. "Maji yamepoa?" Yalikuwa yamepoa siku tatu. "Wakati wa kuyatoa, ulisikia nini?"

"Inaguna kidogo, kisha kimya."

"Ingekuwa kimya tangu mwanzo ningehofu imekufa au umeme haiupati. Inayoguna bado inataka. Imekabwa." Akageuza uso. "Mpira wake unaishia wapi?"

Punda akamwonyesha paa. Fuko aliomba ushushwe. Pampu ya namna ile ni ndogo, huyasukuma maji hadi kimo cha mita moja hivi. Kitabu kilichofungiwa sandukuni kingewaambia hivyo katika kurasa zake za mwanzo. Swala Twiga, ambaye huwa anasimama kwa miguu ya nyuma anapokula majani ya juu, alisimama vivyo hivyo ingawa alikuwa mzazi wa siku tatu, akaufungua ule mpira kwa meno. Wakauteremsha hadi ndani ya karai sakafuni. Maji yakatiririka kwa uzito wake yenyewe, kiasi cha robo karai, yakakoma.

"Kuna kizuizi kingine," alisema Fuko. "Nyuma yake kuna nafasi?"

Hapakuwa na nafasi. Ngamia aliitwa kutoka alikolala, akaivuta mashine kutoka ukutani aliyoisukumia mwenyewe. Kunjo likafunguka. Maji yakatoka kwa nguvu zaidi, yenye povu la Mbweha, karai moja, na nusu ya la pili. Kisha yakawa matone.

Hapa kila fundi wa mjini husimama na kuangalia bei ya pampu mpya. Namheshimu Fuko kwa kuwa hakusimama. Alikuwa amepanguza vizuizi viwili vya kweli, kila kimoja kingetosha kuitwa jibu, na maji yalikuwa bado yamo. Alipapasa upande wa mbele, chini kwenye kona, akakuta kijimlango cha ukubwa wa kiganja ambacho hakuna mwanakamati aliyewahi kuinama akakiona. Ndani yake palikuwa na kifuniko cha mviringo.

"Lete sahani bapa na matambara. Hiki hakifunguliwi kwa pupa." Alikizungusha kidogo, maji yakavuja sahanini, akakibana, wakamwaga, akakizungusha tena. Waliendelea hivyo mpaka tumbo la mashine likabaki tupu. Kufuli ya mlango ikalegea. Swala Twiga akatoa shuka za mwanawe, zikinuka, akazikumbatia hivyohivyo.

Ndipo Fuko akachomoa chujio.

Asubuhi wote walikusanyika, kwa sababu habari za shuka kutoka zilikuwa zimetangulia jua. Fuko alibaki chini ya mashine, kivulini, na Punda akavipanga vitu juu ya jani la mgomba kwa utaratibu uleule vilivyotolewa. Tope la Daua, laini na zito, ambalo hubaki katika nguo zisizokung'utwa kabla ya kuingizwa. Nyuzi. Shanga tatu za mtoto. Hayo yalikuwa ya wazazi, na akina mama waliyakubali bila kubisha. Ngiri jike hata akasema shanga ni zake na kwamba alisahau kuzivua. Kisha yakafuata mengine. Fundo la manyoya ya rangi ya zeituni, marefu, ya mnyama ambaye hajawahi kuzaa. Kifungo cha joho. Manyoya mawili ya ndege, meupe, laini kupita pamba, ya aina inayoota chini ya mkia wa ndege mmoja tu katika ukingo mzima wa Daua.

Hapo ndipo Punda alipojua maji ya tangi yalikuwa yakienda wapi usiku.

"Hivyo vyote vilikuwa kwenye chujio," alisema Fuko. "Vilipunguza njia, havikuifunga. Nyuma ya chujio kuna kipangaboi kidogo kinachosukuma maji. Kinatakiwa kigeuke ukikigusa. Hiki hakikugeuka. Kilikuwa kimeshikwa na hii."

Akaisukuma kwa pua hadi kwenye mwanga. Sarafu. Shilingi 40, tundu dogo ukingoni.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Digidigi alikuja mbele kwa hatua zake fupi, akainusa. Mkoba wa Nyani ulikuwa na daftari, na daftarini iliandikwa kwamba sarafu ile ilitumika: shimo la maji machafu na mfereji wake, kazi imekamilika, imelipwa.

"Sarafu hufanana," alisema Kongoti.

"Tundu nililitoboa kwa msumari," alisema Digidigi. "Nilipinda misumari mitano kabla haijatoboka, kwa sababu nilikuwa nimeipasha moto katikati badala ya ukingo. Iangalie katikati, adeer. Kuna alama."

Alama ilikuwapo.

Nyani alikohoa. Alisema jambo hili ni zito, linahitaji kamati ndogo, itakayopewa muda, itakayozuru miji mingine yenye mashine ili kujifunza, na kwamba kwa sasa kila mmoja ajizuie na maneno yanayoweza kuligawa kundi. Kutoka mtoni Mamba akasema anaafiki.

Ningependa kusema wadogo walipiga kelele. Hawakupiga. Miaka ya kunyimwa huwafundisha wanyonge kupima kelele zao. Aliyesema ni Punda, na hakuinua sauti.

"Mimi ndiye ninayeleta maji. Kuanzia leo sileti mtungi mmoja mpaka nione yanakokwenda."

"Eedo, wazazi watateseka," alisema Nyani.

"Watafua kwa maji yaliyobaki tangini. Nimeyapima. Yanawatosha wao. Joho hayalitoshi."

Akina mama wakaenda wakakaa mbele ya tangi, na watoto wao. Swala Twiga alikaa karibu na bomba. Ngamia, ambaye alikuwa ameona aibu tangu usiku kwa sababu ya ule ukuta, aliondoka bila kutumwa, akakimbia njia ya Elwak, akalikuta lori la mashine mpya njiani, akasimama katikati ya barabara. Dereva aliuliza nani atalipa mafuta ya kurudi. Ngamia alimwambia amwulize aliyemwita. Binamu wa Fisi akampigia simu Fisi, na Fisi akatazama upande wa Kongoti kwa jicho ambalo Kongoti hakulipenda.

Fuko aliendelea na kazi, maana kwake mashine ilikuwa haijapona bado. Aliosha chujio kwa maji safi, akalirudisha, akalikaza vizuri, kwa kuwa likilegea huvuja na sakafu hulowa. Akaagiza umeme urudishwe, na mashine iambiwe kutoa maji na kukamua tu, bila nguo, na karai likae tayari. Iliguna, kisha mguno ukawa mvumo, na maji ya kujaribia yakaruka kupitia mpira hadi karaini. Herufi mbili zikazimika. Kutoka hapo akatoa masharti: kabla ya kufua, tope likung'utwe na mifuko igeuzwe nje, sabuni iwe kidogo, ya povu dogo, chujio lifunguliwe kila mwezi mpya unapoandama, na kitabu kitoke sandukuni kikae juu ya mashine, kwenye kamba, anayejua kusoma amsomee asiyejua.

"Na maji yaende wapi?" aliuliza Ngiri. "Nina vitunguu vyangu hapa karibu, maji hayakataliwi."

Hapa palizuka majadiliano marefu kuliko yale ya wizi, na nafurahi kwamba yalizuka. Mbweha alisema yarudishwe Daua. Wote walimgeukia, maana maji ya Daua ndiyo wanayokunywa. Ngiri aling'ang'ania vitunguu, lakini Fuko, anayeonja udongo kwa kuishi humo, alimwambia kwamba poda ya sabuni ina chumvi, na chumvi ikimwagwa pamoja siku baada ya siku huufanya udongo ushikane na kuwa mgumu, maji yasizame tena. Zaidi ya hayo, maji yaliyofua shuka za uzazi hayafai kugusa kitu kinacholiwa kibichi. Yapelekwe kwenye miti ya kivuli. Yapite kwanza katika shimo la kokoto na mchanga, yachujike, kisha mfereji uyagawe, wiki hii kwa mgunga wa kibanda, wiki ijayo kwa miche ya mwarobaini, na mvua ikija iisafishe ardhi. Ngiri alikubali shingo upande, kwa sharti kwamba kivuli cha miche kitakapokuwapo, naye atapewa mahali pa kulala.

Kwa hiyo shimo lilipaswa kuwa la haki, lenye kina, na si ule mkwaruzo wa shubiri moja uliojaa tope ambao Nyani aliwaonyesha alipobanwa sana. Fuko alipima kwa mwili wake mahali pasipogusa njia za jamaa zake, akachora mstari. Nyani alitaka waajiriwe vibarua. Punda alimuuliza kwa fedha ipi.

Wakapangwa kwa msururu, kamati yote. Jua lilikuwa limepanda na udongo wa juu ulikuwa mgumu bado kwa lile tope la mafuriko lililokauka. Digidigi alikuwa ameitia sarafu yake uzi mpya, akasimama pembeni na daftari, safari hii akiandika yeye.

Kongoti alivua joho lake, akasogea mwanzo wa mstari, akanoa mdomo wake juu ya jiwe. "Mimi nitachimba mbele," alisema. "Nina mdomo mrefu, na mbele ndipo penye kazi."

"Mbele wapo wa kutosha, adeer," alisema Fuko kutoka kivulini. "Nenda nyuma, udongo unapotokea. Na ugeuze mgongo mtoni, ndivyo anavyokaa wa mwisho."

Kongoti aliutazama mto. Mamba alikuwa ameshasogea. Akatazama wenzake katika kamati, na kila mmoja alikuwa ameinama akichimba. Akaenda nyuma.